Tulishinda, balipigwa: namna mashabiki wa mpira wanavyobishana



Kati yetu watu wa masomo kuna tabia moja: tunazarau mabishano ya mpira. Tunapita karibu na watu kumi wanaopigana maneno juu ya penalti moja, tunatikisa kichwa, tunasema, "Hawa hawana kazi." Kisha jioni sisi wenyewe tunaingia mu groupe ya WhatsApp ya promosheni yetu, na tunafanya vile vile.

Tuwe waangalifu na zarau hiyo. Mabishano ya mashabiki si kelele tupu. Yana kanuni zake, ushahidi wake, wakubwa wake na wadogo wake, na mipaka ambayo kila mtu anaijua hata kama haikuandikwa popote. Na kuna sababu kubwa zaidi ya kuyaangalia: namna tunabishana juu ya mpira ndiyo namna tunabishana juu ya uchaguzi, juu ya kabila, juu ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Kwenye mpira hasara inakuwa ndogo, kwa hiyo mambo yanaonekana vizuri. Ukielewa pale, utaelewa pengine.

Tutachukua mfano wa Lubumbashi, juu unajulikana na wengi: TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo. Watu wa Kinshasa wataweka V.Club na DCMP mahali pake, hesabu itakuwa ile ile.

1. Ekipe mbili za mji mmoja

Zote mbili zinahesabu mwaka wa 1939 kuwa mwaka wa kuzaliwa, wakati mji ungali ukiitwa Élisabethville. Mazembe ilianzishwa na mapadri Wabenedikto. Ilianza na jina la mtakatifu, kisha ikabeba jina la fabriki ya mipira ya gari, Englebert, na mwishowe ikawa Tout Puissant Mazembe. Rangi zake ni nyeusi na nyeupe, na wachezaji wake wanaitwa Kunguru. Lupopo ni ekipe ya watu wa reli. Mtakatifu Éloi ndiye msimamizi wa mafundi wa chuma, na mpaka leo wanaitwa Cheminots, ndiyo kusema wafanyakazi wa treni. Rangi zao ni manjano na buluu.

Angalia sasa jambo moja la maana. Hakuna mpaka wa kabila kati ya hizi ekipe mbili, na hakuna mpaka wa dini. Papa anaweza kuwa wa Lupopo juu alitumika kwenye reli, mtoto wake wa kwanza akawa wa Mazembe juu alikua wakati wa Trésor Mputu na Kidiaba, na mama akawa anawacheka wote wawili. Mnaishi mu parcelle moja, munakula bukari ya sufuria moja, lakini siku ya derby meza inagawanyika. Kesho yake munaendelea kuishi pamoja. Tushike neno hili, tutalirudilia.

2. "Tu" na "ba"

Sikiliza vizuri shabiki siku ya kesho ya mechi. Ekipe yake ikishinda, anasema: "Tulibapika bili kwa sifuri!" Ikipoteza, anasema: "Ah, bale bachezaji balicheza mubaya, kocha hajui kazi." Jana walikuwa "tu," leo wamekuwa "ba." Na yeye hakugusa mpira hata mara moja, siku zote mbili.

Mwaka 1976 mtafiti Mmarekani Robert Cialdini pamoja na wenzake walichapisha kazi juu ya jambo hilo. Waliangalia wanafunzi wa vyuo vikuu saba vya Marekani. Siku ya kwanza ya juma, kisha ekipe ya chuo kushinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo chao. Wakapiga tena simu kwa wanafunzi kuwauliza matokeo ya mechi. Kwa mechi ya ushindi, wanafunzi walipenda kusema "tulishinda." Kwa mechi ya kupoteza, lile "sisi" lilipunguka. Mtu anajipakaa heshima ya wengine, na anajifuta aibu yao.

Sisi tuna bahati kwamba lugha yetu inaonyesha hiyo wazi. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua mwanzoni mwa kila kitendo: tu- ao wa-, na huku kwetu tu- ao ba-. Huwezi kusema "shinda" pasipo kuonyesha nani. Kila mara mtu anapofungua kinywa, anatangaza mahali anasimama. Kwa hiyo ukitaka kujua mtu ni wa wapi, usimuulize. Subiri tu atumie kitendo.

Kumbuka Desemba 2010. Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil 2 kwa 0 mu nusu fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, kule Abu Dhabi, na ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ile. Kipa Kidiaba akarukaruka kwa matako yake mbele ya dunia nzima. Ile siku, mtu wa Lupopo alikuwa na shida ya sarufi: aseme "tulishinda" ao "balishinda"? Kama Mkongomani, "tu." Kama Cheminot, "ba." Siku nne baadaye Inter ya Milano ilishinda fainali 3 kwa 0, na pale shida ilikwisha haraka: aliyesema "tu" katikati ya juma aliweza kurudi kwa "ba" mwisho wa juma, pasipo aibu.

Kwa hiyo "sisi" haina ukubwa mmoja. Inapanuka na kusinyaa. Sisi ya Kamalondo, sisi ya Lubumbashi, sisi ya Kongo, sisi ya Afrika. Mabishano mengi yanakuwa magumu juu watu wawili wanatumia "sisi" mbili tofauti na hawajui.

3. Mechi moja, macho mawili

Kuna watu wanafikiri mabishano ya mpira yangekwisha kama kila mutu angeona picha vizuri. Wanasema, tuweke video, tuangalie polepole, ukweli utatoka. Video imekuja, na mabishano yameongezeka.

Mu 1951, vyuo viwili vya Marekani, Dartmouth na Princeton, vilicheza mechi mbaya sana ya mpira wa Kimarekani, na wachezaji waliumia. Kisha, Albert Hastorf na Hadley Cantril wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ile ile ya mechi, wakawaomba wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliona makosa ya Dartmouth zaidi ya mara mbili kuliko yale wanafunzi wa Dartmouth wenyewe waliyaona. Filamu moja, hakuna kelele za stadi. Kazi hiyo ilitoka 1954.

Hapana kusema watu wale walidanganya. Ndiyo jambo tunapaswa kuelewa: waliona kweli. Jicho halikusanyi kila kitu, linachagua, na linachagua kufuatana na upande wa mtu. Shabiki wa Mazembe anayesema "hakumugusa hata kidogo" na shabiki wa Lupopo anayesema "alimukata mguu" wanaweza kuwa wote wawili wakweli mu roho yao.

Hii inabadilisha namna ya kujibu. Ukimwambia mtu "unadanganya," umemtukana, na sasa anatetea jina lake, si penalti tena. Lakini ukimuuliza, "Wewe ulikuwa unaangalia nini ile wakati, mguu ao mpira?" anaweza kukujibu. Wakubwa wenye kujua kubishana wanafanya hivyo pasipo kusoma kitabu hata kimoja.

4. Nani ana haki ya kusema?

Mu mabishano ya mpira si kila mtu ana uzito sawa. Kuna malipo ya kuingia, na hayalipwi na pesa. Yanalipwa na miaka ya mateso. Mtu aliyependa ekipe wakati ilikuwa inapoteza anasikilizwa kuliko yule aliyekuja siku ya kombe.

Ndiyo maana kijana akianza kupandisha sauti, mzee anamkata na maswali mafupi:

"Mudogo, mu 1990 ulikuwa wapi?"

"Papa, mi nilikuwa sijazaliwa."

"Basi kaa kwanza, tukuambie."

Kijana naye ana silaha yake. Hawezi kumzidi papa kwa miaka, kwa hiyo anamzidi kwa hesabu. Anatoa simu, anasoma majina, tarehe, dakika. "Papa, samahani, kwa heshima yote, lakini ile goli haikuingia dakika ya kumi." Anaweka kwanza "samahani" na "kwa heshima," kisha anapiga. Ukiondoa yale maneno mawili, hata kama una haki, umepoteza, juu wote watageuka kusema juu ya malezi yako na tarehe itasahauliwa.

Hapa kuna shule kubwa. Mamlaka mbili zinakutana: ile ya aliyekuwapo na ile ya aliyesoma. Hakuna inayotosha yenyewe. Aliyekuwapo anakumbuka kwa upande wake, kama tulivyoona kwa wale wanafunzi wa Princeton. Aliyesoma anajua tarehe lakini hajui kwa nini watu walilia. Mabishano mazuri ni yale ambamo kila mmoja anampa mwingine kile anacho.

5. Kalenda kama ushahidi

Kila kambi ina kalenda yake. Mtu wa Mazembe anaanza na vikombe vya mabingwa wa Afrika: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Anaongeza Kombe la Shirikisho la 2016 na 2017. Mtu wa V.Club anaanza na 1973. Mtu wa DCMP anakukumbusha kombe la washindi la 1994. Mtu wa Lupopo anaanza na ubingwa wa taifa, na anafika mbio kwa ule wa 2002. Hakuna anayeanza na mwaka wa mwingine. Kuchagua mwaka wa kuanzia ni nusu ya hoja.

Lakini hata tarehe inabishaniwa. Chukua 1967. Fainali ilikuwa kati ya TP Englebert na Asante Kotoko ya Ghana. Mechi ya kwanza 1 kwa 1, ya pili 2 kwa 2. Ilipangwa mechi ya tatu, Kotoko haikufika, kombe likapewa Englebert. Hayo hakuna anayeyakataa. Sasa ubishi: je, ile ni kombe ya kiwanja ao ya karatasi? Mpinzani atasema, "Mulikunywa kombe pasipo kucheza." Mtu wa Mazembe atajibu, "Ekipe yetu ilikuwapo kwenye kiwanja, wewe usipokuja ni kosa ya nani? Na kisha mwaka uliofuata tulichukua tena." Angalia vile anajibu: anasimamisha kanuni kwanza, halafu anaongeza tendo lingine linalotia nguvu ile kanuni. Ni hoja iliyojengwa vizuri kuliko kurasa nyingi za mémoire tunazosoma.

Na kanuni inaweza kugeuka. Mu 2011 Mazembe iliitoa Simba ya Tanzania kwenye kiwanja, ikaendelea mbele. Simba haikupiga kelele tu, iliandika mashitaka: mchezaji Janvier Bokungu hakuwa na haki ya kucheza. CAF ikakubali, na Mazembe, bingwa wa miaka miwili mfululizo, ikaondolewa. Sasa mtu wa Mazembe ambaye kwa 1967 alisema "kanuni ni kanuni," kwa 2011 anajikuta akisema "mpira unachezwa kwenye kiwanja, si kwenye bureau." Na mpinzani wake naye amegeuka upande mwingine.

Tusiwacheke. Jiulize wewe mwenyewe, mara ngapi umetetea kanuni siku inakusaidia na umeilaani siku inakuumiza? Ndiyo mtihani wa kweli wa mtu mwenye haki: anashika kanuni moja kwa 1967 na kwa 2011. Wapo mashabiki wanaofanya hivyo. Wanasema, "Ile ya 1967 ni yetu kwa kanuni, na ile ya 2011 tulipoteza kwa kanuni." Mtu kama huyo, kambi zote mbili zinamuita kuamua ubishi.

6. Mzaha na mpaka wake

Sehemu kubwa ya mabishano si hoja, ni kuchekana. "Leo bukari itashuka kweli?" "Tukuletee kitambaa cha kupanguza machozi?" Mgeni akisikia anafikiri watu watapigana. Mwenyeji anajua ni alama ya ukaribu: humuchekei mtu usiyemjua.

Watanzania wana neno zuri kwa hiyo, utani, na Simba na Yanga wanaitana watani wa jadi. Neno lile linatoka mbali kuliko mpira, kwa mapatano ya zamani kati ya makabila yaliyopeana haki ya kutaniana na wajibu wa kuzikana. Huku upande wa machimbo ya shaba jambo hilo lilionekana mapema. Mu 1956 mtafiti J. Clyde Mitchell alichapisha kazi juu ya ngoma ya Kalela, iliyochezwa kule Luanshya, ng'ambo ya mpaka, mu Zambia ya leo. Vijana wengi wao Wabisa walivaa vizuri, wakaimba wakisifu kwao na wakicheka makabila mengine. Na watu wa yale makabila mengine walisimama pale pale, wakicheka nao. Mitchell alieleza kwamba mji wa machimbo ulikusanya wageni waliopaswa kuishi pamoja, na mzaha uliwapa njia ya kusema "wewe ni mwingine" pasipo vita.

Derby ya Lubumbashi inafanya kazi ile ile. Lakini mzaha una mpaka, na kila shabiki mzuri anaujua. Unaweza kucheka ekipe, kocha, rais wa ekipe, vikombe ambavyo havikuja. Hucheki mama ya mtu. Hucheki ugonjwa. Hucheki mtu aliye na kilio. Mtu wa Lupopo akifiwa, rafiki zake wa Mazembe wanafika kwa matanga kama wote, wanabeba viti, wanachanga pesa, na hakuna anayetaja mpira mpaka mwenye kilio mwenyewe ataje. Akitaja, watu wanajua kwamba roho yake imeanza kurudi.

Wajibu wa matanga ndio unampa mtu haki ya mzaha. Anayecheka siku ya mechi na hafiki siku ya kilio, huyo si mtani, ni adui tu mwenye meno ya nje.

7. Kusemana ndani ya nyumba

Kuna kanuni nyingine: neno moja lina uzito tofauti kufuatana na kinywa. Shabiki wa Mazembe akisema "mwaka huu hatuna ekipe," wenzake wanatikisa kichwa na kukubali. Mtu wa Lupopo akirudia neno lile lile, moto unawaka. Maneno hayakubadilika. Aliyesema ndiye amebadilika.

Mara nyingi tunaita hiyo unafiki. Si unafiki. Mtu wa ndani akilaumu, tunajua anataka nyumba isimame. Mtu wa nje akilaumu, hatujui anataka nini. Kwa hiyo mlaumu wa ndani anaanza kila mara kwa kuonyesha kadi yake: "Minapenda hii ekipe tangu utoto, ndiyo maana minasema." Pasipo kadi hiyo, hata ukweli wake hauingii.

Hatari yake ni hii: watu wa ndani nao wanaweza kumnyang'anya mtu kadi. Anayeuliza pesa za ekipe zinakwenda wapi, anajibiwa, "Wewe si wetu tena, umenunuliwa." Siku kambi inapoanza kuwaita walaumu wake wote wasaliti, imejifunga macho. Itapoteza mechi na itasema ni mwamuzi. Munajua vyama vya siasa vinavyofanya hivyo. Munajua pia kamati za wanafunzi.

8. Wakati mabishano yanaharibika

Tarehe 11 Mei 2014, kwenye stadi Tata Raphaël ya Kinshasa, V.Club ilicheza na Mazembe. Mwisho wa mechi mawe yalirushwa, polisi wakatupa gesi ya machozi, watu wakakimbilia milango. Watu zaidi ya kumi walikufa, wakakanyagwa ao wakakosa hewa. Walikuwa wametoka nyumbani kwenda kuangalia mpira. Tukisema mpira ni mchezo tu, tuwakumbuke.

Kitu gani kinafanya mabishano yatoke kwa mzaha na kufika pale? Milango mibaya na gesi ni sababu, tusiwawekee mashabiki mzigo wote. Lakini kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi. Turudilie lile neno la mwanzo: mu Lubumbashi, mpaka wa Mazembe na Lupopo unapita katikati ya familia, katikati ya kabila, katikati ya kanisa. Kwa hiyo mpinzani wako wa jumapili ni ndugu yako wa juma zima. Huwezi kumuumiza pasipo kujiumiza. Hatari inaanza wakati mipaka yote inakaa mahali pamoja: ekipe ya mji ule, siasa ya mji ule, lugha ya mji ule, wote upande mmoja. Kinshasa na Lubumbashi, Lingala na Kiswahili, magharibi na mashariki. Pale "ba" hawana tena sura ya mtu unayemjua.

Siasa nayo inajua njia ya stadi. Moïse Katumbi, kiongozi wa Mazembe tangu 1997, alikuwa gavana wa Katanga kutoka 2007 mpaka 2015. Jacques Kyabula, aliyechaguliwa gavana wa Haut-Katanga mu 2019, naye akaongoza Lupopo. Si kosa mtu wa siasa kupenda mpira na kuweka pesa yake humo. Bila pesa hakuna ekipe. Lakini shabiki ajue kutenganisha mambo mawili. Kupenda goli si kupiga kura. Siku mtu anakuambia "kama uko wa ekipe hii lazima uko wa chama hiki," anataka kuchukua mapenzi yako ya miaka ishirini na kuyatumia bure.

Na tunajua "ba" inaweza kufika wapi. Mu 1992 na 1993 watu wengi sana wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Walilala kwenye stesheni za treni za Likasi na Kolwezi wakingojea kupelekwa mahali ambapo wengi wao hawakuzaliwa. Kati yao walikuwamo wafanyakazi wa reli, wa machimbo, walimu. Walikuwa "tu" kazini, "tu" jirani, kisha mu muda mfupi wakafanywa "ba." Mpira haukuleta hiyo, na haukuizuia. Lakini inatufundisha tofauti moja kubwa. Mu mpira, "ba" wa leo anaweza kuwa "tu" wa kesho: mchezaji anahama, ekipe ya taifa inacheza, sarufi inabadilika. Mbwana Samatta alitoka Simba, akaja Mazembe mu 2011, na mu 2015 akachukua nayo kombe la Afrika. "Ba" ambaye mlango umefungwa nyuma yake milele, huyo si mpinzani tena, amekuwa windo.

Februari 2024 tuliona mlango ule ukifunguka. Mbele ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wa Léopards walifunika kinywa na mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaelekeza vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki, juu ya mauaji ya mashariki. Tulipoteza ile mechi. Angalia: tunasema "tulipoteza." Ile siku, hata kushindwa kulibaki "tu." Cialdini angeshangaa kidogo.

9. Sisi tuliosoma, tufanye nini?

Hatuombi watu waache kubishana. Mji usiobishana ni mji unaoogopa. Tunaomba tubebe kanuni za shabiki mzuri na kuziingiza mu mabishano mengine, kuanzia mu groupe zetu na mu mikutano ya chama chetu.

Kwanza, kabla ya kujibu, tafuta "sisi" ya mwenzako ina ukubwa gani. Pengine munasema juu ya vitu viwili tofauti.

Pili, usiseme "unadanganya" mahali unaweza kuuliza "uliona nini?"

Tatu, weka kanuni yako mbele kabla ya kujua itamsaidia nani. Kisha ukae nayo siku inakuumiza.

Ine, mheshimu aliyekuwapo, na umsaidie na tarehe. Kama wewe ndiwe uliyekuwapo, mwache kijana atoe simu yake.

Tano, usimnyang'anye kadi mwenzako wa ndani juu ameuliza swali gumu.

Sita, hakikisha kwamba mtu unayemcheka unaweza kwenda kwa matanga yake. Kama huwezi, mzaha wako si mzaha.

Derby ijayo itakuja. Stadi ya Kamalondo itajaa, ao ile ya Kibassa Maliba, na kesho yake kila kalasi, kila atelier na kila nganda itakuwa na wanasheria wake. Kaa nao. Bisha kwa nguvu zote. Na kama ekipe yako ilipoteza, jaribu kusema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Tulipigwa." Ni neno fupi, lakini anayeweza kulisema juu ya mpira amekwisha kujifunza kusema juu ya nchi yake: "Hapa tulikosea," badala ya kutafuta kila mara "ba" wa kubeba kosa.